Besi Isiyopumua

Siku uvumilivu uliponiishia nilishuka ngazi na mwiko wa bugali mkononi, unga bado umeushika, na mwanangu Sifa nimemwacha amelala, shavu juu ya meza, kando ya sahani ya sombe, majani ya muhogo. Hakuwa amechoka kwa mchezo. Alikuwa na miaka mitano, ametoka kwenye basi la shule, amekula tonge moja au mawili, akaniambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili alikuwa anakisikia na kunijibu kwa lugha ya shule, kwamba yule mtu wa chini ameanza kuimba tena. Halafu kichwa kikashuka taratibu kama cha mtu anayesali. Nje hata giza lilikuwa halijaingia. Chini ya sakafu kinanda kilikuwa kimeanza, kile kile cha kila siku, na mwanamke yule yule akiimba kwa lugha nisiyoijua, na chini yao wote ile besi. Nikasema, bon, leo basi. Mlango wa mzee niliugonga kwa mwiko.

Mzee huyo aliitwa Ray. Amefariki mwezi uliopita huko Kenmore, katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, na mimi ndiye niliyemwosha uso asubuhi ile kabla ndugu zake hawajafika. Aliishi miaka mingi kuliko nyumba ile iliyotaka kutuua; pale ilipokuwa sasa ni majani tu na uzio wa jirani. Mpwa wake alinipa mfuko ulioandikwa jina langu. Ndani mna santuri, ile ile, jalada lake lina ngazi za mawe zinazoshuka ndani ya maji meusi. Nimeiegemeza ukutani jikoni, picha ikitazama ukuta. Watoto wangu wadogo wananicheka. Sifa, ambaye sasa ni mrefu kuliko mimi, hacheki. Akipita pale anazunguka upande wa pili wa meza. Mwaka ule mimi mwenyewe nilikuwa msichana tu mwenye mtoto, na hasira ambayo watu walidhani itapoa nikikua. Haijapoa. Nimejifunza tu kuikalisha chini na kuiandika.

Mwaka wenyewe ulianza Louisville. Ya milimani na ya kambini nimeshawasimulia wengi waliokuja na kalamu zao, hapa siyaweki. Louisville tuliishi kwenye nyumba za ghorofa ambako ukikaanga samaki jengo zima linajua, nilifunga maboksi katika kiwanda kimoja huko Jeffersontown, na Jumamosi mchana tulikuwa na kwaya. Niliimba sauti ya pili, na nilikuwa kwenye kamati ya nyimbo. Kwetu wimbo mpya hauingii kanisani kwa sababu mtu ameupenda. Unaletwa mbele ya kamati, watu wanakaa, unasikilizwa kwanza kwa ajili ya maneno, kisha kwa ajili ya sauti, nani yuko wapi na nani anamfunika mwenzake, kisha mara ya mwisho macho yakiwa yamefungwa. Hapo ndipo mtu anafungua mdomo, na akiufungua anasema kweli. Nimewahi kuona baba mzima akitoka nje kujifuta machozi kwa sababu yaya Furaha, dada yetu mkubwa na kiongozi wetu, alimwambia wimbo wake unafaa kuimbwa na mtu anayetafuta kiatu. Donc, yaani, mimi sikusomea muziki, nilimaliza sekondari tu, lakini kuhesabu sauti katika wimbo nilijua kama wengine wanavyohesabu watoto wao wakivuka barabara.

Vuli ilipofika Amani, mume wangu, akasikia kwamba Buffalo watu wetu wananunua nyumba kwa bei ya gari. Tukahama. Kununua tulikuwa bado, tukapanga ghorofa ya juu ya nyumba moja ya mbao huko Black Rock, nyembamba, karibu na reli na mto, kuta zake zimepakwa rangi juu ya rangi mpaka madirisha hayafungi vizuri. Chini aliishi Ray peke yake. Tanuri la kupasha joto lilikuwa moja kwa nyumba nzima, chini kabisa kwenye shimo la ghala, na kidude cha kupandisha joto kilikuwa ukutani kwa Ray. Yeye akisikia baridi, na sisi tunapata joto. Joto lilitokea kwenye matundu ya sakafuni yaliyofunikwa kwa vyuma, na tundu kubwa lilikuwa jikoni kwangu. Sifa alilipenda. Akivua viatu vya shule alijilaza pale kwa tumbo, sikio kwenye chuma, soksi zake zikining'inia hewani, kama paka. Nilimwacha. Ni picha ninayoiona mpaka leo nikifumba macho, na kila mara ninataka kuingia ndani yake nimwinue.

Muziki ulianza wiki ile ile tuliyofika. Alasiri Ray akirudi dukani alikoegemea kaunta na wazee wenzake, nilisikia mlango, nilisikia joto likipanda, halafu kinanda. Kinanda kizito, cha kanisani hasa. Kisha mwanamke anaimba polepole, kama anayemwita mtu aliyekwenda mbali. Kisha dramu zinaingia kwa hesabu isiyokaa sawa, unataka kupiga makofi na mikono inakosana. Kila siku albamu ile ile, kutoka mwanzo. Mimi nikaamini nimeelewa. Nikamwambia Amani, huyu mzee amefiwa. Kwetu nyumba yenye msiba huimba mfululizo, siku hadi siku, na jirani haji kulalamika. Jirani analeta chakula, au anakaa kimya. Amani akaniuliza ni msiba gani wa miezi. Nikamwambia wazungu wanalia taratibu. Nikakaanga mandazi, nikaweka kwenye sahani, nikaacha mlangoni kwake bila kugonga, kama inavyofaa. Kesho yake sahani ilirudi safi, na muziki ulikuwa juu zaidi. Nikafikiri, maskini, amezidiwa. Nikakaanga mengine. Muziki ukapanda tena. Tuliendelea hivyo mpaka theluji ikafunika ngazi.

Wakati huo sisi tulikuwa tunabadilika na hatukuona. Mimi niliamka na kichwa kizito, nikienda Kenmore kazini kinapona kwenye basi, nikirudi kinaanza tena. Nilisikia kichefuchefu nikisonga bugali. Kwenye simu yaya Furaha akanipongeza kutoka Louisville, akaniuliza kama safari hii ni mvulana. Nikamwambia nimepima, hakuna mimba. Akasema pima tena, vipimo vya Amerika vina haraka. Mwalimu wa Sifa alipiga simu kuuliza mtoto analala saa ngapi, kwa sauti ile ya mtu ambaye ameshajijibu. Nikampigia msimamizi wa nyumba, nikamweleza kichwa, usingizi, na sauti ya chini. Akaniuliza kama tunapika na mkaa ndani. Nikamwambia tunapika na jiko la umeme alilotupatia yeye mwenyewe, na plate moja haiwaki. Akasema nifungue dirisha, nyumba za zamani zina sauti zake.

Maana sauti ilikuwepo. Niseme vizuri hapa. Katika ule muziki niliwahesabu: mwanamke, kinanda, filimbi, gitaa, dramu. Na chini yao mwanamume mmoja wa besi, hana maneno, amesimama kwenye noti moja tu. Hakuimba kila siku. Alikuja siku za upepo, na akija alikuja polepole, ukimtegea huwezi kusema alianza lini. Nimeimba na mabesi tangu utoto, wanaume wenye vifua kama mapipa, lakini huyu sikutaka kumwona. Sifa alimwita yule mtu. Siku moja nilimkuta kwenye tundu akimwimbia noti yake, mdomo umegusa chuma, kama wanaojibizana. Nilipomwinua macho yake yalichelewa kunipata.

Ndiyo sababu ya mwiko. Ray alifungua akiwa na suti ya sufu na sandali, akauona mwiko, akaniona mimi, na kabla sijatoa hata neno moja la yale niliyoyapanga kwenye ngazi akatabasamu, akasema, "Hatimaye umeshuka. Nilijua kwamba unaipenda."

Kumbe mandazi yalikuwa makofi. Kila sahani niliyoiacha aliipokea kama shukrani ya msikilizaji, na kila mara alipandisha sauti kunirudishia wema. Hakuwa amefiwa na mtu yeyote. Alinikalisha chumbani kwake, chumba kimejaa santuri mpaka dirisha la upande halikuonekana, joto kali, hewa nzito ya kahawa na vumbi, na yeye mwenyewe mwekundu usoni kama aliyetoka kukimbia. Kazi yake ya kiwandani ilikuwa imekwisha siku nyingi. Sasa alikuwa na kitu kimoja: aliwaandikia wapenzi wenzake wa muziki huo, kwenye mtandao, hukumu ya kila albamu mpya iliyotoka Italia. Vijana wa kule, akanieleza, wameokota muziki wa baba zao na kuurefusha. Nyingine aliziandikia kwa siku moja. Hii ilimshinda tangu vuli, na kisa ni ile sauti ya chini. Kwenye maelezo ya jalada hakuna mwimbaji wa besi. Akivaa vile vya masikioni haisikiki. Akiiacha chumbani inakuja, siku nyingine ndiyo, siku nyingine hapana. Alikuwa ameandika kwamba ndiyo siri ya albamu nzima, kwamba santuri ina uhai ambao mashine nyingine hazina. Akaniinamia. "Na wewe unamsikia?"

Nikamwambia namsikia na mtoto wangu anamsikia, na nataka anyamaze. Nilimwambia pia kwamba wimbo wa kwanza ni mzuri, wanajua kusubiri, na wa pili ni watu wanaoonyeshana misuli. Alicheka mpaka akakohoa. Nikamweleza habari ya kamati, na kwamba wiki ile naenda Columbus, ambako kwaya zetu za miji mbalimbali zilikuwa zinakutana. Akanisukumia sidii ya albamu ile ile mkononi, akasema wapelekee hao wakali wako, niletee hukumu. Nilipanda juu na mwiko wangu na sidii, nimekasirika kuliko nilivyoshuka, kwa sababu nilikwenda kugomba nikapewa kazi.

Columbus tulilala kwa familia moja ya kwaya, magodoro ukuta hadi ukuta. Sijui niseme nini juu ya siku zile ila kwamba kichwa changu kilikuwa changu. Sifa alikimbia na watoto wengine mpaka akaambiwa akae. Alikula bugali na samaki, akaomba tena, na yaya Furaha aliyekuja na wenzetu wa Louisville akanitazama tumbo, akasema, "Kweli hakuna kitu humo. Sasa ulikuwa unaumwa nini, Mama Sifa?" Baada ya kula niliwaambia kamati nina kitu cha kusikilizwa, si cha kanisa, wasinifukuze. Wakakaa. Papa Gideoni, besi wetu mkubwa, alivua koti kabisa kama anayeenda kunyolewa.

Walisikiliza kwa heshima kuliko nilivyotarajia. Mama mmoja alisema huyu dada anaimba kama anayesafisha nyumba ya mtu aliyekufa. Mwingine akasema dramu hizi ni za mtu mwenye deni na miguu yake. Wimbo wa tatu, filimbi ilipobaki peke yake, yaya Furaha akainua kidole urudishwe nyuma tuusikie tena. Wimbo wa mwisho walikubaliana kwamba ulikwisha mara mbili kabla haujakwisha. Lakini mimi sikuwa nasikiliza hayo. Nilikuwa namsubiri mtu wangu. Mara ya kwanza hakuja. Mara ya pili hakuja. Mara ya tatu, macho yamefungwa, nikamtafuta chini ya kinanda kama unavyotafuta ngazi gizani kwa mguu, na mguu ukaenda chini, hakuna ngazi. Nikawaambia kuna besi, Buffalo kuna besi. Papa Gideoni akaniomba niiimbe. Nikaiimba, juu zaidi, kwa sauti yangu. Akaichukua akaishusha mahali pake, akaishika, akaishika, mpaka shingo ikavimba, akaiachia.

"Inaenda mpaka wapi?" akauliza.

Nikamwambia haiachi. Wimbo mzima.

"Hapana, mama. Mtu hawezi. Huyo iko napumua wapi?"

Na muziki ukiwa umezimwa, Sifa aliyekuwa sakafuni na mwanasesere wa mtu akaanza kuiimba ile noti, taratibu, hajatuangalia. Nikamuuliza nani alimfundisha kuiimba wakati muziki haupo. Akasema kwa Kiingereza chake, kama anayeeleza kitu kinachojulikana, kwamba nyumbani yule mtu anaimba hata mzee akimaliza muziki wake. Anaimba mpaka joto lizime.

Nilimpigia Ray nikiwa nimesimama kwenye veranda ya watu bila viatu. Amani, aliyebaki Buffalo, alikuwa kazini zamu ya mchana, nyumba nzima alikuwemo Ray tu. Alipokea, na nyuma yake nilisikia kinanda. Maneno yake yalikuwa yanaburuzika. Alitaka hukumu. Nikamwambia ainue sindano. Akauliza kwa nini. Nikamwambia, inua sindano, Ray. Kinanda kikakatika. Nikamuuliza kama bado anasikia. Nilisikia pumzi yake tu, fupi fupi.

"Bado iko," akasema. Halafu, kwa sauti nyingine kabisa, ya mtu aliyegundua kwamba kuna mtu nyuma yake, "Bado iko."

Nilimwambia atoke nje hivyo hivyo alivyo na aite zimamoto akiwa barabarani. Yeye mwenyewe alinisimulia baadaye kwamba alikosa mlango wake mwenyewe mara moja. Walioingia na kipimo walitoka haraka wakarudi wamevaa vinyago. Bomba la kutoa moshi wa tanuri lilikuwa limeachana ndani ya ukuta, na juu dohani imejaa matofali yaliyoanguka. Upepo wa mtoni ulipopita juu yake, bomba liliimba, na ule moshi wa sumu usio na harufu ulikuwa unarudi kwetu, kwa matundu, jikoni, alipolala mtoto. Liliimba pamoja na albamu kwa sababu Ray alipandisha joto kila alipokaa kusikiliza. Alikuwa ameandika sifa nzuri mno za bomba.

Ningependa iishie hapo. Walizima gesi, tukahamia kwa familia moja ya kanisani mtaa wa pili, Ray akalala kwa mpwa wake. Siku chache baadaye msimamizi akapiga simu, fundi amekuja, kila kitu kimerekebishwa, kodi inaendelea. Nilikwenda alasiri peke yangu, Sifa nimemwacha. Upepo ulikuwepo. Nilisimama barabarani mbele ya nyumba tupu yenye joto, hakuna mtu ndani, na ikaniimbia. Noti ile ile. Nilishuka kwenye ghala nikaona kazi ya fundi: amezungusha utepe unaong'aa pale bomba linapoonekana, basi. Nilimpigia msimamizi pale pale. Akasema ninachosikia ni muziki wa yule mzee, kila mtu anajua muziki wa yule mzee.

Donc nilikwenda ofisi ya jiji. Karani alitaka kuweka alama kwenye kisanduku cha kelele katika fomu. Nikamwambia asiweke. Niliomba karatasi, nikaandika kwa Kiswahili kwanza, kwa sababu hasira yangu haijui Kiingereza, na Ray, aliyenisindikiza na suti yake ile ile ya sufu, akakaa nami kuigeuza, bila kuongeza sifa hata moja. Ile ya Kiswahili nimebaki nayo. Ni hii.

"Mimi ni mpangaji wa juu. Msimamizi anasema ninalalamikia muziki. Muziki huo nimeusikiliza majira yote ya baridi na ninaujua kuliko yeye. Anayeimba ni mwanamke, anaimba vizuri. Kinanda ni kizito lakini hakinidhuru. Filimbi katika wimbo wa tatu ndiyo inayobeba kila kitu. Wimbo wa mwisho ni mrefu bure. Hao wote wametoka Italia na sina shida nao. Iliyobaki ni besi, na besi haijatoka Italia, imetoka kwenye tanuri lenu. Inaimba noti moja, na ikiimba mwanangu analala mezani. King'ora cha kuonya juu ya gesi kilicho ukutani kwangu ni ganda, ndani hakina kitu. Mlileta fundi akalivisha bomba utepe, na jana limeimba noti ile ile, halijapanda, halijashuka, kwa hiyo ni lile lile. Mashine ya santuri tumeichomoa na jirani yangu wa chini anaweka sahihi yake kuwa ni kweli. Msinitumie barua. Msinitumie mtu wa kuniuliza habari za mkaa. Tumeni mtu mwenye kipimo, aje alasiri siku ya upepo, awashe joto, asimame jikoni kwangu juu ya tundu, pale anapojilaza mtoto, asikilize, na aniambie inapumua wapi."